Amboise kwa mguu, na goti la mama mdogo

Tulipewa karatasi ya matembezi, ramani nzuri tu, mistari ya rangi tatu, na pembeni ya kila mstari kumeandikwa kwa Kifaransa "rahisi". Mi nikaamini. Mama mdogo akaniuliza, rahisi kwa nani? Nikacheka, lakini kufika saa nane mchana nilikuwa sicheki tena, maana mstari mmojawapo ulitupandisha kilima cha mawe ya kupangwa, yale ya mviringo yanayoteleza, bila benchi hata moja njiani, na yeye goti lake la kulia lina miaka kadhaa halitaki mchezo.

Ndo maana naandika. Amboise, mji ule wa Ufaransa ulio kwenye mto Loire, ni mzuri mno kwa mtu anayetembea taratibu, kushinda miji mingi niliyopita, ila wanaopanga njia zake wanapima kilomita wakati wangepaswa kupima mwinuko, aina ya mawe, na mahali pa kukaa. Kilomita mbili za tambarare hazimshindi mzee yeyote, mita mia mbili za kupanda kwenye mawe zinaweza kumlaza siku mbili.

Twende mwanzo. Tulikuja na treni kutoka Paris. Stesheni iko ng'ambo ya kaskazini ya mto, mji wenyewe uko kusini, kwahiyo watu wengi wakishuka wanatafuta teksi haraka. Msitafute teksi jamani! Kile kipande cha kutoka stesheni hadi mjini ndicho matembezi bora ya mji mzima na hakina kiingilio, ni dakika 15 au 20 kwa mwendo wa kawaida, sisi tulitumia karibu saa nzima kwa sababu kila baada ya hatua kumi mama mdogo anasimama. Unavuka daraja la kwanza, unatua kisiwani, Île d'Or wanakiita, yaani kisiwa cha dhahabu, halafu unavuka mkono wa pili wa mto, na muda wote huo kasri la wafalme liko mbele yako juu ya mwamba, jeupe, linakua kidogo kidogo jinsi unavyosogea. Anayekuja na basi la watalii anashushwa chini ya ukuta kabisa, anainua shingo, anapiga picha ya mawe.

Pale kisiwani tulishuka kwenye majani. Ni tambarare, kuna miti, kuna watu na mbwa wao, na kuna sanamu ya Leonardo da Vinci amejinyoosha nusu uchi kama mtu aliyetoka kuoga. Mama mdogo akageuza uso, "huyu hana nguo?" Inasemekana karibu mwaka 504 Clovis mfalme wa Wafaranki na Alaric wa Pili mfalme wa Wavisigothi walikutana kwenye kisiwa cha hapa kupatana. Walipatana kweli, ila miaka michache baadae Clovis akamwua mwenzake vitani.

Mto nao nisiupite hivihivi. Loire ndo mrefu kuliko yote Ufaransa, zaidi ya kilomita elfu moja, na kiangazi unaonekana kama umechoka, mafungu ya mchanga yamejitokeza, maji yanapita katikati kwa upole, mtu unasema hapa naingia mpaka magotini. Usiingie. Chini kuna mikondo na mchanga unaodidimia, watu wameshakufa humo. Mama mdogo amekulia Pangani, aliutazama akasema mto unaonyamaza hivi una jambo, na hakuhitaji kusoma kibao chochote.

Mjini chini mambo ni mepesi. Rue Nationale ni mtaa wa waenda kwa miguu, hauna mwinuko wa kusumbua, maduka, mikate, na juu ya njia kuna mnara wa saa uliokaa kwenye lango la zamani la mji, unapita chini yake. Ukibahatika kufika Ijumaa au Jumapili asubuhi kuna soko kando ya mto, jibini za mbuzi za kila umbo, nyingine zimepakwa majivu. Tulinunua moja, mama mdogo hakuimaliza.

Shida inaanza pale unapotaka kumfuata Leonardo. Mfalme Francis wa Kwanza alimwalika 1516, mzee wa watu akiwa na miaka 64, akaja toka Italia akivuka milima na michoro yake, pamoja na ile Mona Lisa, akapewa nyumba inaitwa Clos Lucé na akafia humo tarehe 2 Mei 1519. Nyumba hiyo na kasri vimeachana kama nusu kilomita tu, kwahiyo kila mtu anakwambia ni hapo hapo. Ni hapo hapo ndiyo, lakini rue Victor Hugo inapanda! Si mlima wa kutisha, ila inapanda mfululizo. Afadhali upande wa pili una nyumba zilizochongwa ndani ya mwamba wenyewe, lile jiwe jeupe laini ambalo ndilo lililojengea makasri ya huku, mtu ana mlango, dirisha, maua, bomba la moshi limetokea juu kwenye nyasi. Unapata sababu ya kusimama bila aibu. Nikamwambia mama mdogo kwamba Leonardo alifika hapa akiwa na umri kama wako, na kuna hadithi eti kulikuwa na njia ya chini ya ardhi kati ya nyumba yake na kasri ili mfalme amtembelee. Akasema, "Sasa si waifungue tupite."

Kasrini kwenyewe nilitaka turuke, kiingilio si bei ya kutupa na nilihofia ngazi. Yeye ndo aliyeng'ang'ania, na alikuwa sahihi. Kwanza wafalme wale walikuwa wavivu wa ngazi kuliko sisi, wamejenga minara miwili minene yenye njia ya kuzunguka ndani, ya mteremko, farasi na mikokoteni ilikuwa inapanda nayo toka mtoni hadi uani. Charles wa Nane aliyeijenga hakufaidi, 1498 aligonga kichwa kwenye mlango mfupi humo humo kasrini akienda kutazama mchezo, akafa baada ya saa chache, ana miaka 27. 1560 nako wakanyonga Waprotestanti na kuwatundika nje ukutani, haya mambo nilimsomea kwa ufupi maana alishakunja uso.

Lakini kule juu bustanini, sehemu ambayo watalii wengi hawafiki kwa kuwa wameshapata picha ya mto, kuna makaburi. Emir Abdelkader, kiongozi wa Algeria aliyepigana na Wafaransa walioivamia nchi yake, alijisalimisha kwao 1847 kwa ahadi kwamba atapelekwa nchi ya Kiislamu, ahadi ikavunjwa, wakamfungia kwenye kasri hili na familia na wafuasi wake kuanzia 1848 mpaka alipoachiwa 1852. Watu wake kadhaa walikufa humu, wanawake na watoto wakiwemo. 2005 msanii wa Kialgeria Rachid Koraïchi akawatengenezea bustani, mawe 25, jina la mtu na aya za Qurani. Mimi nilikuwa sijui kabisa, nilikuwa nimejipanga na Leonardo tu. Mama mdogo alisoma herufi za jiwe la kwanza kwa sauti, akashika mti kwa sababu ya goti, akainua mikono akawasomea Fatiha. Tulikaa pale muda mrefu kuliko mahali popote siku ile.

Kwahiyo nikipanga mimi: asubuhi daraja na kisiwa, kisha soko na mtaa wa chini, pumzika ule, kasri mchana na uanzie bustanini juu kisha ushuke, Clos Lucé iwe siku ya pili au mwachie mwenye magoti yake. Ule mnara wa Chanteloup wa ghorofa saba, mita 44, wa mtindo wa Kichina, uko kama kilomita tatu nje ya mji, huo ni wa baiskeli. Na mkiona alama za rangi kwenye miti, njano ni njia fupi, nyeupe na nyekundu ni zile ndefu zinazovuka mikoa, alama ya X maana yake umepotea rudi.

Jioni tulirudi stesheni kwa miguu tena, kwa daraja lile lile. Nilitaka kumwitia mama mdogo teksi, akanikatalia, akasema mbona huku ni tambarare.