Ami na Kiti cha Mwenye Nyumba

Ami yangu alipokuja Massachusetts kutoka Unguja, hakutaka kuona maghorofa. Alitaka Salem, kwa sababu babu zake walivaa merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa na merikebu za Salem, na balozi mdogo wa kwanza wa Marekani kule Unguja, mwaka 1837, alikuwa mtu wa Salem. Haya, nikampeleka. Tukaingia kwenye nyumba ya kale iliyogeuzwa makumbusho, Ami ndani ya kanzu yake ya darizi, kofia imekaa sawasawa.

Dada mtembezaji anaeleza, mimi natafsiri. Miaka ya 1600, kitanda cha godoro la manyoya na mapazia yake kiliwekwa chumba cha mbele, mgeni akione. Mara nyingi ndicho kilichokuwa na thamani kuliko kitu chochote ndani ya nyumba. Ami akaguna: "Kitanda sebuleni? Kama mie nilipopanga chumba kimoja mtaa wa Ng'ambo, kule Unguja."

Tukafika kwenye kiti chenye mikono, nguzo zake zimekerezwa vizuri, pa kukalia pamesukwa kwa majani. Nyumba nyingi zilikuwa na kimoja tu cha namna hiyo, zaidi ya hapo ni utajiri. Anakikalia mwenye nyumba. Mke na watoto watajijua: benchi, kigoda, au juu ya sanduku la nguo.

"Hapa mkubwa nani?" Ami akauliza.

"Si wewe, Ami."

Nilimjibu kwa adabu tu, jamani! Mzee akafungua kamba nyekundu kwa utaratibu, akasema Bismillahi, akaketi.

King'ora kikalia nyumba nzima. Ami akawapungia watu mkono.

Nikamwambia ainuke. Akainuka, kiti nacho kikainuka: darizi ya kanzu imenasa kwenye kirungu cha mkono wa kiti. Akakaa tena. Walinzi wawili wakavaa glavu nyeupe, mmoja akapiga magoti akinasua uzi mmojammoja, mwingine amekishika kiti kama mgonjwa mahututi. Ami anawaombea dua.

Tukapelekwa kusubiri kwenye benchi mlangoni. Akaja meneja, uso umemkunjamana, akauliza nani mkubwa wetu. Nikamgeukia Ami.

"Mwambie ni wewe," akasema. "Mie si unaona nimeshashushwa, niko benchi na watoto?"