Taa za mchana: fyuzi ing'olewe au ibaki?

Kuna wenye magari Mbeya na Iringa wanaomwomba fundi umeme awazimie, kwa kung'oa fyuzi au kukata waya, zile taa za mbele zinazojiwasha zenyewe injini ikiwaka, mchana kweupe. Wamechoka. Kila wanayepishana naye anawaonyesha kwa mkono kwamba wamesahau taa. Haishangazi: magari yetu mengi yanatoka Japani, na kule taa hizi hazikuruhusiwa hadi 2016, kwa hiyo macho ya watu hayajazizoea.

Wanasema pia zinamaliza mafuta na betri. Hapo siwaungi mkono. Injini ikizunguka umeme unatoka kwenye alteneta, jenereta ndogo inayozungushwa na injini, na taa za LED hutumia wati chache tu. Mwenye gari la zamani linalowasha balbu zilezile za taa kubwa, wati 55 kila moja, ana hoja kidogo, maana balbu huungua mapema.

Wengine huuliza: Sweden ilizilazimisha 1977 na Canada ikafuata kwa magari mapya 1989, nchi zenye mchana mfupi na jua hafifu wakati wa baridi. Sisi wenye jua la kutosha zinatuhusu nini? Anayeuliza hivyo aendeshe Mufindi asubuhi ya mwezi wa saba. Lami ni ya kijivu, ukungu ni wa kijivu, na gari la kijivu linachomoka kwenye kivuli cha misindano ya Sao Hill likiwa limeshakukaribia. Au awe kwenye mlima wa Kitonga, nyuma ya lori lenye mzigo linalopanda taratibu, akitafuta nafasi ya kulipita. Ana sekunde chache za kuamua, na nukta mbili za mwanga kwenye kona ya juu zinamwambia asubiri.

Hoja ya bodaboda naiheshimu zaidi. Pikipiki yenye taa huonekana kwa sababu magari hayana. Yote yakiwaka, inapotea katikati yao. Hilo ni kweli mjini, kwenye msongamano wa Mwanjelwa, Mbeya, kuliko huku barabara kuu.

Kinachonitia hofu hasa ni nyuma ya gari. Kwenye magari mengi taa za mchana huwaka mbele peke yake. Dereva anaingia kwenye ukungu, anaona mwanga mbele yake na dashibodi inang'aa, anaamini kila kitu kimewaka. Nyuma ni giza, na lori la Tunduma linamfuata. Hata hivyo kuzizima taa za mchana hakutibu hilo. Dawa ni kugeuza swichi ya taa zote, za mbele na za nyuma, mara ukungu unapoanza, kila safari, bila kusubiri usiku.

Zangu ningeziacha. Aliyeamua kuzizima aangalie kwanza kama gari lake lina mpangilio wa kuzizima kwenye menyu. Fyuzi moja huweza kuwa inahudumia na taa nyingine, na waya uliokatwa ukaachwa wazi, kwa mvua za Tukuyu, ni shoti inayosubiri.