Nyumba Nimekodi, Joto Nimepewa Bure

Umeme ukikatika Unguja, wa kwanza kutukanwa ni waya wa baharini, ule unaotuletea umeme kutoka bara. Maskini waya! Ule wa mwaka 1980 ulikuwa wa megawati 45, ukatubeba mpaka ukachoka. 2013 tukavutiwa mwengine wa megawati 100, kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na bado tunanung'unika. Tushaisahau ile miezi mitatu ya kiza, mwisho wa 2009 kuingia 2010, majenereta yakinguruma kila uchochoro?

Mimi waya nimeuachia samaki. Ugomvi wangu ni na mwenye nyumba wangu hapa Fuoni.

Bwana huyu kapiga bati tupu, dari hakutia. "Dari la nini, sheikh, na hewa ipo?" Hewa ipi, yakhe? Madirisha yote kayaelekeza magharibi, ikifika alasiri jua linaingia bila hodi. Kaskazi ikishika, tunapaliwa kama mkate wa kumimina, moto juu, moto chini. Na tofali za saruji zinalinyonya jua mchana kutwa, zinakungoja ulale, ndipo zikurudishie.

Nenda Mji Mkongwe kwa bibi yangu. Ukuta wa mawe na chokaa, unene wa kama nusu mita, jua linagonga nje mpaka linakata tamaa. Bibi ndani kajifunika kanga, na pangaboi hana! Mafundi wale umeme hawakuujua, lakini joto walilijua vizuri.

Mke wangu anataka kiyoyozi. Nkamwambia, mama watoto, kiyoyozi chini ya bati lisilo na dari ni kuipooza mbingu. Ushahidi uko kwa shemeji. Kakifunga chumbani, lakini chini ya mlango pana mwanya unapita kiganja. Paka wa jirani kaugundua. Kila adhuhuri yuko ukumbini, tumbo kalielekeza kwenye mwanya, macho kayafumba. Shemeji ndani jasho linamtoka, anabonyeza rimoti: 20, 18, 16. Paka anajigeuza ubavu wa pili. Yuniti za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, zinateketea, na anayefaidi hajachanga hata shilingi! Nkamshauri akunje kitambaa azibe pale chini. Kasema huo ushamba.

Turudi kwa mwenye nyumba. Barazani kaning'iniza globu ya moto ya wati 100, usiku haizimwi. Masaa 10 tu, yuniti moja imekwenda. Yuniti hiyo hiyo, taa ya LED ya wati 10 ungeiwasha masaa 100. Nikampigia hesabu kwa vidole. Akanitazama, akaniuliza, "Kwani Tukuza nnanunua mimi?"

Basi nikamwomba ruhusa nilipake bati rangi nyeupe, walau jua lirudi lilikotoka, na gharama zangu mwenyewe. Kakubali pale pale, kwa bashasha, na mkono kanipa. Rangi haijakauka, kaja kunipandishia kodi. Anasema nyumba sasa ina ubaridi.