Limau la Shangazi na Wazee wa Posa

Kikohozi changu kilichagua wiki ya posa ya dada. Usiku nilikohoa mpaka majirani wa Ngamiani wakawa wananipa pole kupitia ukutani.

Shangazi yangu ni mzaliwa wa Muheza, kwenye machungwa na malimao yake, na dawa ya chupa hataki hata kuisikia. "Limau bichi la kachumbari," husema. "La kifua lazima lipite motoni." Huligeuza geuza juu ya makaa mpaka ganda liungue madoadoa na kulainika, halafu hulikata na kulikamulia kikombeni: asali vijiko viwili, pilipili manga, chumvi ya kubana kwa vidole. Mganga wa zahanati aliwahi kuniambia kinachotuliza koo hasa ni asali, limau linasindikiza tu. Kamwambie wewe shangazi.

Kawaida kabla ya kulichoma hulitoboa kwa njiti ya fagio, mvuke upate pa kutokea. Lakini siku hiyo washenga walikuwa jamvini pale uani, na masikio yake yote yalikuwa kwenye mahari. Akafukia malimao mawili katikati ya makaa, mazima mazima, akasogea kusikiliza.

Mshenga mkuu, kanzu jeupe limenyooshwa kwa pasi hadi linang'aa, ndiyo kwanza alikuwa anakohoa kidogo kusafisha sauti. "Ndugu zetu, tumeona ua katika bustani yenu..."

PAA!

Majivu yakapanda mpaka usawa wa dirisha. Kipande cha ganda kikatua juu ya kofia ya mshenga, kikakaa pale kama kimeshonewa. Mzee wa kushoto akalala kifudifudi anapiga shahada. Wa kulia tulimkuta mlangoni, kiatu chake mguuni, cha baba mkononi. Mimi nikacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikagoma kukatika, na mshenga, majivu kwenye nyusi, akauliza kwa adabu kama maradhi hayo ni ya ukoo.

"Tulieni, wageni wetu," shangazi akasema. "Limebaki moja tu."

Hakuna aliyetulia. Hata baba alitoka mbio, akimfuata yule mwenye kiatu chake.

Jumapili wakarudi na mahari yote, hawakuomba wapunguziwe hata shilingi. Wakakaa karibu na mlango. Mshenga akanikabidhi mfuko wa malimao, zawadi ya mgonjwa.

Yote yametobolewa.