Mtoto wa bwawani na mamba wa kuongezewa

Msimulie mkazi wa Mwanza kisa cha mtoto anayezama, na kabla hujamaliza utaulizwa kama maji hayo yana mamba, kama yana kichocho, na kama huyo mpita njia anajua kuogelea. Kisa chenyewe ni cha mwanafalsafa Peter Singer, cha mwaka 1972: unapita kando ya bwawa lenye kina kifupi, mtoto anazama, na kumwokoa kutakugharimu nguo kuchafuka matope tu. Singer aliuliza kwa nini wajibu ulio wazi hivyo ulegee pale anayekufa anapokuwa mbali, kama walivyokuwa wakimbizi wa Bengal Mashariki (Bangladesh ya leo) wa wakati ule.

Wanaoyabeza majaribio ya kifikra, yaani visa vya kubuni kama hicho vya kupimia mawazo yetu, huyachukua maswali ya mamba kuwa ushahidi wao. Maisha, wanasema, hayatujii yakiwa yamechongwa namna hiyo, na jibu linalotolewa kitini halitabiri kitendo cha ufukweni. Hilo la mwisho ni kweli, ila jaribio halikuahidi kutabiri. Anayeuliza kuhusu mamba hajalikataa jaribio, ameshaingia ndani yake: akisema kwamba penye mamba hamlaumu aliyepita, ametuonyesha kuwa kwake hatari ya mwokoaji hupunguza wajibu. Sasa mwondolee mamba, umhamishe mtoto kutoka Kirumba hapo Mwanza hadi kisiwa cha Ukara, na njia ya kumsaidia iwe kutuma fedha kwa simu. Atasita, na kusita huko ndiko tunakokutafuta. Je, kinachomzuia ni umbali wenyewe, au ni shaka kwamba fedha haitafika, au ni kwa kuwa wapo wengine wenye uwezo wa kutuma? Rudi ufukweni, uweke watu kumi waliosimama wakitazama tu huku mtoto akizama mbele yako. Wachache watasema kwamba wajibu wako umegawanyika kwa kumi, na kama haukugawanyika hapo, kisingizio cha "wengine wapo" hakiwezi kutosha peke yake kwa mtoto wa Ukara. Sioni takwimu gani ingeweza kuzitenganisha sababu hizo hivyo.

Wala mchezo huu haukuletwa na wasomi. Mtumbwi umepinduka, mama na mke hawajui kuogelea, nawe unaweza kumvuta mmoja tu: watu hubishana usiku kucha juu ya swali hilo, wakiwemo wasiopanda mtumbwi.

Mipaka ipo. Mwaka 2001 wanafalsafa Weinberg, Nichols na Stich waliripoti kwamba watu wa asili tofauti waliamua tofauti visa vinavyouliza kama mtu anajua jambo au anaamini tu. Utafiti wa baadaye nchini Brazili, India, Japani na Marekani ulikuta majibu yakikaribiana, hivyo pingamizi hilo limepungua makali, ingawa bado linamwonya mwanafalsafa asiseme "sote tunaona" kabla hajauliza.

Pingamizi zito zaidi ni lile la uhakika. Katika kisa cha mwanafalsafa Philippa Foot cha mwaka 1967, dereva wa tramu (treni ya mjini) iliyoshindikana kusimama anajua kwamba njia moja itaua watano na nyingine mmoja. Nani hupewa ujuzi kama huo? Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikaelea tumbo juu huku walionaswa ndani wakigonga. Bati likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa ikiishikilia meli ikatoka, nayo ikazama. Mkosoaji ana haki ya kuutaja mkasa huo, kwa maana nia njema ilikuwepo na kilichokosekana ni kujua matokeo.

Hata hivyo, mkasa huohuo unakata pande zote mbili. Fikiria bakuli lililofudikizwa majini, kisha ulitoboe kitako: utaona litakavyozama bila kulitafuta bakuli. Hilo nalo ni jaribio la kifikra, la ukoo mmoja na yale ambayo Galileo aliyachapisha mwaka 1638 kuhusu vitu vinavyoanguka. Siwalaumu waliokuwa juu ya bati siku ile, kwani kelele za wanaogonga hazimpi mtu nafasi ya kufikiria mabakuli. Tofauti iliyobaki ni kwamba wazo la bakuli laweza kuthibitishwa kwenye beseni jioni hiyohiyo, ilhali kwa mtoto wa Ukara hatuna beseni, tuna visa vingine tu vya kulinganisha naye.