Matumaini Si Rangi ya Kumalizia

Wiki iliyopita nililetewa kazi na taasisi moja inayotaka picha kubwa ya ukutani yenye ujumbe wa matumaini. Maelezo waliyonitumia yalikuwa yamekwisha kuichora: jua linachomoza, njiwa anaruka, mikono ya watu wa rangi mbalimbali imeshikana, na mtoto anatazama juu. Rangi ziwe changamfu. Nikawasimulia wachoraji wenzangu, na mmoja wao, mtu ambaye kazi zake zimenifunza mengi, akasema ndiyo sababu yeye hagusi matumaini hata kwa ncha ya brashi. Kwake yeye mchoraji makini anachora jeraha, na mengine yote ni matangazo ya biashara.

Wamenikasirisha wote wawili, na hasira yenyewe ni moja. Wote wanaamini kwamba matumaini ni rangi ya kumalizia, kitu kinachopakwa juu picha ikishakamilika. Mmoja anaidai, mwingine anaikataa kwa kiburi, na hakuna anayejali kinachotokea katikati, kwenye zile wiki ndefu ambazo mchoraji anapaka, anakwangua, anageuzia turubai ukutani asiione, kisha anairudia. Mimi nasema matumaini yamo humo kwenye kazi, ama hayamo kabisa.

Ukisema kwa mdomo kwamba unatamani dunia yenye utu, kila mtu ataitikia na hakuna atakayekuuliza swali. Jaribu kuichora.

Kwa muda sasa nachora chumba cha kungojea wagonjwa. Nilianza na nilichokiona: migongo iliyojipanga, mabenchi yasiyo na egemeo, na kidirisha cha kupokelea karatasi kilichowekwa juu kiasi kwamba aliye ndani haoni uso wa mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu, anaona nywele tu. Mchoro huo wa mkaa ulitoka haraka, maana mkono wangu umeshauzoea uchungu. Kisha nikajiuliza chumba hichohicho kingekuwaje kama aliyekijenga angewahi kuugua. Hapo nikakwama. Nikakishusha kidirisha hadi usawa wa macho ya mtu aliyekaa. Kikishashuka, aliye ndani anaonekana, kwa hiyo ni lazima awe na uso, na uso ni lazima uelekee mahali. Nikauelekeza kwa mwanamke mwenye bahasha. Mabenchi yakipata egemeo yanakula nafasi, basi watakaokaa ni wachache. Waliobaki waende wapi? Ikanibidi nitoboe mlango kwenye ukuta wa kulia, na mlango ukaleta mwanga ulioharibu vivuli vyote nilivyokuwa nimeviweka. Nikavianza vivuli upya.

Uso wa yule mwanamke niliukwangua kwa kisu cha rangi tena na tena kwa sababu alikuwa akitabasamu, na mgonjwa hatabasamu vile. Sasa amechoka, kama alivyokuwa kwenye mkaa. Ila amekaa vizuri, na mtu anamsikiliza. Sikuwa nimepanga hata kimoja kati ya hivyo. Kila nilichobadili kilinidai kingine, na ni katika kulipa madai hayo ndipo nilipoanza kuamini kwamba chumba cha namna hiyo kinawezekana. Sikuwa nikiamini nilipoanza.

Aliyelielewa jambo hili kuliko wengi ni Ambrogio Lorenzetti. Kati ya mwaka 1338 na 1339 alichora kuta tatu za chumba walimokutania watawala tisa wa mji wa Siena, Italia, ndani ya jumba la serikali, na kazi hiyo ipo hadi leo. Ukuta mmoja unaonyesha mji na mashamba chini ya utawala mwema. Ukuta unaoukabili unaonyesha utawala mbaya. Ule wa katikati umebeba sura za Haki, Amani na fadhila nyingine, zimeketi kwa heshima zote, lakini macho yangu hayakai hapo, yanakwenda kwenye mji. Mafundi wako juu ya jukwaa wanajenga. Fundi viatu ana duka lake. Mwalimu anafundisha. Watu wanacheza kwa duara barabarani. Lango liko wazi, na hapo mkulima anayeswaga nguruwe kuingia mjini anapishana na matajiri waliopanda farasi, wanaokwenda kuwinda. Nje ya kuta mashamba yanapandwa na kuvunwa. Juu ya mapaa hakuna jua linalochomoza. Hakuna anayeshikana mkono na mwenzake kwa ajili ya kutuonyesha sisi.

Kisha geuka utazame ukuta wa pili. Nyumba zinabomoka, askari wanakamata watu, Haki imefungwa kamba miguuni pa dhalimu mwenye pembe, na katika mji mzima fundi pekee anayefanya kazi ni mtengeneza silaha. Lorenzetti alijua vizuri jeraha linafananaje. Lakini aliona halitoshi, na akajipa kazi ngumu zaidi ya kujibu swali la pili: kama si hivi, basi iweje?

Na alilijibu juu ya lipu mbichi. Waliowahi kuchora kwa namna hiyo wanajua maana yake. Rangi iliyochanganywa na maji hunywewa na chokaa, na chokaa inapokutana na hewa hukaza na kuifungia rangi ndani yake. Kwa hiyo kila siku hupakwa lipu ya eneo linaloweza kumalizwa siku hiyo tu, na jioni sehemu iliyobaki bila rangi hukwanguliwa. Huwezi kuahirisha uamuzi. Leo ni fundi viatu, akae vipi, aangalie wapi, mkononi ashike nini. Kesho ni lango. Mji ule wote mwema uliamuliwa kipande kwa kipande na mtu mwenye vumbi la chokaa kwenye nywele, na kila watawala walipoketi kujadili mambo ya mji, wakawa wanatazamwa na maisha waliyoapa kuyatunza.

Najua Siena ya kweli haikuwa vile. Tauni ya mwaka 1348 iliua sehemu kubwa ya wakazi wake, na inaaminika ilimwua Lorenzetti pia. Utawala wa wale tisa ulianguka mwaka 1355. Picha haikumzuia mtu kufa wala mtawala kuanguka, na sitaki kudai vinginevyo. Tena juu ya lango kuna mwanamke mwenye mabawa, ndiye Usalama, na mkononi ameshika jukwaa la kunyongea lenye maiti inayoning'inia. Sehemu hiyo inanisumbua kila ninapoitazama. Hata hivyo namheshimu kwa kutoificha. Alifikiri usalama una gharama, akaichora gharama yenyewe, nasi leo tunaweza kubishana naye. Njiwa huwezi kubishana naye.

Sasa yule mwenzangu atanijibu kwamba picha za matumaini zimetumika kudanganya. Nakubali, kwa shingo upande. Mwaka 1937 Arkady Plastov alichora sherehe ya shamba la pamoja katika Umoja wa Kisovieti. Meza zimejaa vyakula, watu wamefurika, na picha ya Stalin, mtawala wa nchi hiyo, imetundikwa juu yao. Njaa iliyoua mamilioni ya watu wa nchi hiyo, wengi wao wakulima, ilikuwa imepita miaka michache tu. Plastov alikuwa na mkono wa ajabu, na ndiyo maana inauma. Lakini tazama kila picha inamwambia nani nini. Lorenzetti aliwaambia wenye madaraka, ndani ya chumba chao wenyewe, kwamba hili ni deni lenu. Picha ya Plastov iliwaambia waliokuwa na njaa kwamba deni limeshalipwa. Kuzitupa zote mbili kapu moja na kuita matangazo ni uvivu wa kutazama.

Mwaka uleule, jijini Paris, Pablo Picasso alikuwa akichora Guernica, baada ya ndege za Ujerumani na Italia kuushambulia mji huo wa Hispania tarehe 26 Aprili. Dora Maar alipiga picha turubai ile hatua kwa hatua, na kwa bahati hiyo tunaweza kumwona mchoraji akifikiri. Katika hatua za mwanzo askari aliyeanguka ameinua mkono na kukunja ngumi. Baadaye kidogo ngumi imeshika mashuke ya nafaka, na nyuma yake kuna jua kubwa. Picasso akavifuta. Katika picha iliyokamilika, yenye upana wa karibu mita 8, mkono wa askari uko chini kabisa, umeshika upanga uliovunjika, na kando yake kuna ua dogo lililochorwa kwa mistari, ambalo wengi hupita bila kuliona.

Jua na ngumi ndivyo hasa taasisi yangu ingependa vibaki. Picasso alivijaribu, akaona haviwezi kusimama mbele ya mama aliyemchora humohumo, mwenye mtoto aliyekufa mikononi. Lakini ua hakulifuta. Kama alitaka jeraha peke yake, brashi alikuwa nayo mkononi na nafasi ya kulifuta ilikuwepo. Kila ninapofika kwenye hatua ile ya kukwangua, huwa nalifikiria ua hilo, kwa sababu linanionyesha kwamba kufuta matumaini rahisi ni sehemu ya kuyatafuta yale yanayoweza kukaa.

Namna za kufika huko ni nyingi na sizitaji zote. Vincent van Gogh, akiwa kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili kule Saint-Rémy mwaka 1889, alichora usiku wa nyota aliouona dirishani, akaziacha nondo za dirisha nje ya picha na kuongeza kijiji ambacho pale dirishani hakikuonekana. Jacob Lawrence, kijana wa miaka ishirini na kitu, alichora picha 60 za Wamarekani weusi waliokuwa wakihama kutoka kusini kwenda miji ya kaskazini, akazimaliza mwaka 1941. Alizichora zote kwa pamoja, rangi moja ikipita kwenye picha zote kabla ya kuchukua nyingine, akianzia na zilizokoza. Ndani ya mfululizo huo kuna kamba ya kunyongea na kuna nyumba zilizolipuliwa, na rangi ileile iliyopita huko imepita pia kwenye umati ulio stesheni ukingoja treni.

Lakini kwa yule mwenzangu nina mtu mmoja tu wa kumkumbusha, naye ni Friedl Dicker-Brandeis. Alikuwa mchoraji aliyesomea Bauhaus, shule ya sanaa ya Ujerumani, na Desemba 1942 Wanazi walimpeleka kwenye kambi yao ya Terezín kwa sababu alikuwa Myahudi. Mle ndani akawafundisha watoto kuchora. Aliwafundisha kwa uzito, mpangilio, mdundo wa mistari na uhusiano wa rangi, kwenye karatasi zozote zilizopatikana. Wengine walichora vitanda vya kambi, wengine maua na vipepeo, wengine nyumba walizotolewa. Kabla ya kupelekwa Auschwitz, kambi ya mauaji, mwezi Oktoba 1944, alikouawa, aliacha masanduku mawili yenye michoro karibu 4,500. Wengi wa watoto wale waliuawa pia. Sisemi michoro iliwaokoa. Nasema watoto hao walilijua jeraha kuliko mimi na mwenzangu tutakavyowahi kulijua, na mwalimu wao hakuona kwamba kumfundisha mtoto kuchora kipepeo ni kumdanganya. Anayesema matumaini ni ya watu wa matangazo aiseme kauli hiyo akiwa ameitazama michoro hiyo.

Wanafunzi wa uchoraji huniuliza waanzie wapi wakitaka kuchora kesho iliyo bora bila kuangukia kwenye jua na njiwa. Mimi huwapa zoezi lilelile. Chagua mahali unapopajua na panapokuumiza. Pachore kwanza palivyo, kwa mkaa, bila kumhurumia mtu. Halafu weka karatasi nyingine na ubadili kitu kimoja, kimoja tu, kisha ufuate kila kinachosogea kwa sababu ya badiliko hilo: nani amehama, nani amekosa nafasi, mwanga umeingilia wapi, nani atafagia jioni. Usiguse rangi mpaka uwe na majibu. Wengi hurudi wakilalamika kwamba picha imekataa, kwamba walishusha ukuta mmoja na sasa hawajui wawaweke wapi watu waliokuwa wameuegemea. Nikisikia hivyo nawaambia wavute stuli, wakae, wamtazame mmoja wa watu hao mpaka wajue atakaa wapi, na hapo ndipo wafungue rangi.