Jaji Atusomee Uamuzi kwa Kiswahili

Kiti cha jaji wa Mahakama Kuu hakikaliwi na mtu aliyeanza kazi juzi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamtaka awe na tajriba ya angalau miaka 10, iwe katika uhakimu, uwakili au ufundishaji wa sheria, na akishapendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama na kuteuliwa na Rais, anaweza kukaa hapo hadi atimize miaka 70. Mshahara wake haupunguzwi, hashtakiwi kwa alilolitenda kazini kwa nia njema, wala hang'olewi bila jopo maalumu kumchunguza. Kinga hizi sizionei kijicho. Mwaka 2012 majaji watatu waliokaa hapa Mombasa walibatilisha marufuku ya serikali dhidi ya Mombasa Republican Council, kundi lililotaka Pwani ijitenge na Kenya, na uamuzi kama ule hautoki kwa mtu anayehofia kibarua chake kuota nyasi.

Ninalolalamikia ni namna maamuzi hayo yanavyotufikia. Kifungu cha 86 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinasema lugha ya Mahakama Kuu ni Kiingereza, ilhali mahakama za chini zimeruhusiwa Kiingereza au Kiswahili. Matokeo yake ni kwamba jaji anasoma amri zake, mawakili wanainamisha vichwa, karani anaita kesi inayofuata, na mama aliyevuka feri kutoka Likoni kwa ajili ya shamba la marehemu mumewe anamfuata wakili wake hadi nje ya mlango na kumuuliza, "Mwanangu, tumepata au tumekosa?"

Ajabu zaidi ni rufaa zinazotoka kwa kadhi. Ndugu waliogombania nyumba ya baba yao wamejieleza mbele ya kadhi kwa Kiswahili chao, kisha asiyeridhika anapanda Mahakama Kuu, ambako sheria inataka jaji aketi pamoja na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri wake. Ugomvi ni ule ule, na huenda kila aliyemo chumbani anakijua Kiswahili, jaji akiwemo, lakini uamuzi unaandikwa kwa Kiingereza.

Wenzetu wa Tanzania walibadilisha sheria mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Mapema mwaka huo Rais Magufuli alikuwa amempandisha Jaji Zephrine Galeba hadi Mahakama ya Rufani baada ya kumsifu kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili. Sheria yao naitamani. Upandishaji ule (nasema kwa heshima) haukunipendeza, kwa kuwa jaji hafai kuandika hukumu huku akiwaza itamfurahisha nani.

Najua mawakili watasema kwamba hukumu za zamani tunazozirejelea zimeandikwa kwa Kiingereza na kwamba Bunge letu halijagusa kifungu kile cha 86. Basi hukumu kamili ibaki ilivyo kwa sasa, lakini jaji asome pamoja nayo ukurasa mmoja wa Kiswahili unaoeleza nani ameshinda, kwa sababu gani, nani anatakiwa kufanya nini, na kwamba anayetaka kwenda Mahakama ya Rufaa ana siku 14 za kuwasilisha ilani yake, zinazohesabiwa tangu uamuzi kutolewa, awe ameuelewa au hakuuelewa.